Vipimo Vilikuwa Safi, Tumbo Lilikuwa Linauma

Mwanangu Emanueli,

"Mtoto ambaye vipimo vyake vyote vimetoka safi haumwi, anadeka. Na anayedeka hapewi dawa, anapewa jembe."

Maneno hayo yalisemwa hadharani, kwa sauti ya kusikika mpaka zizini, na mtu ambaye kijiji chetu kizima cha Hirbadaw kinamjua kwa kutokubali kushindwa hoja. Leo nataka kuyajibu. Nimejibu maneno ya watu wengi maishani: wachungaji, wenyeviti wa kijiji, waganga wa mizizi, na yule mtangazaji wa redio aliyenikatia simu nikiwa katikati ya sentensi. Hakuna aliyenipa kazi ngumu kama huyu, kwa sababu huyu ni mimi. Wewe ulikuwepo. Ulikuwa umesimama kando yangu, nimekuinua mkono kama mwamuzi anavyomwinua bondia, ila wewe hukuwa umeshinda kitu.

Nianze na vipimo, maana ndiyo nguzo aliyoegemea huyu mama. Kipimo hujibu swali lililoulizwa, hakijibu jingine. Ukipima choo kutafuta minyoo, utaambiwa habari za minyoo. Ukimpitisha mtu mpira wa kamera mpaka tumboni, utajua kama ana kidonda au hana. Katika vipimo vyote ulivyofanyiwa hakuna hata kimoja kilichouliza kama unaumwa. Swali hilo aliyetakiwa kulijibu ni wewe, na wewe ulikuwa umeshajibu, tena mara nyingi, na mimi nikawa natafuta shahidi mwingine. Aibu yangu ni kwamba nilijua. Ninauza dawa. Mteja akisimama dirishani akasema kichwa kinamuuma, sijawahi kumwambia alete picha ya hayo maumivu. Namwamini, nampa vidonge, anakwenda zake. Mlevi wa kilabuni nilimwamini. Mtoto wangu nikamdai ushahidi.

Kisha kudeka. Mtu anayedeka hutafuta watu wamwone. Wewe ulikuwa unajificha. Ulikuwa hunywi hata chai Jumapili asubuhi ili uweze kukaa kanisani mpaka mwisho bila kutoka. Ulikuwa unakaa benchi la mwisho, karibu na mlango, nami nikadhani ni utundu wa vijana. Nilikuona ukiumia kwa mwaka na zaidi na kila nilichokiona nilikipa jina la tabia mbaya.

Na jembe nilikupa kweli. Ukalima mbaazi umejikunja, na mimi nikapita kando ya shamba nikasema, "Unaona? Linalimika."

Sasa nikwambie kwa nini ninaandika badala ya kukuita hapa mezani. Jioni hii ulipokuwa unapanga nguo za safari, nilikuuliza kama utaendelea na tiba yako huko chuoni. Ukanijibu huku unakunja shati, bila hasira yoyote: "Hapana, mama. Huko sitamwambia mtu. Nitavumilia tu. Sitaki waseme nadeka." Kisha ukaniuliza kama nimeona soksi zako. Hukujua kwamba umeninukuu. Nilitoka nje nikasimama jikoni nikijifanya natafuta chumvi. Ningeweza kurudi ndani tukajadiliana, lakini mimi na wewe tukijadiliana mimi hushinda, na sijawahi kukushinda nikakufaidisha chochote. Kwenye karatasi angalau unaweza kuniacha katikati ukatoka nje.

Mambo ya chandarua, na marafiki, na simu, na kufua nguo, baba yako na shangazi zako wameshakueleza mpaka umechoka. Siyarudii.

Tumbo lilianza kuuma ukiwa kidato cha kwanza, kule juu Mbulu. Mimi ndiye niliyetaka usome huko, karibu na kwetu Masieda, kwa sababu nilitaka ukae penye baridi na vitabu, mbali na ng'ombe wa ukoo wa baba yako. Nilikwambia maneno ambayo leo nikiyakumbuka nafumba macho. Nilikwambia, "Huko bondeni wanakungoja uwe mchunga ng'ombe. Ukirudi na alama mbaya, wameshinda." Ulikuwa mtoto. Nilikupa vita vyangu uvibebe pamoja na sanduku la shule.

Likizo ya kwanza ulirudi umekonda. Ukasema tumbo linakata, linajaa, mara unaharisha, mara hupati choo kabisa. Nikafurahi kidogo, Mungu anisamehe, kwa sababu tumbo ni eneo langu. Nikafungua kabati. Nikakupa dawa ya minyoo. Haikusaidia, nikasema basi ni amiba, nikakupa dawa ya amiba. Nayo haikusaidia, nikasema vidonda vya tumbo. Kisha bakteria. Kisha homa ya matumbo, ambayo hapa kwetu kila mtu anaambiwa anayo. Kila dawa iliposhindwa nilibadilisha ugonjwa, na kila ugonjwa niliutangaza kwa uhakika ule ule. Dawa nyingine sikuwa na ruhusa ya kukupa bila cheti cha daktari, na wewe ulizimeza kwa sababu aliyekupa ni mama yako. Baadaye nikaja na marufuku za chakula: usile maharage, usinywe mtindi, acha kabichi, acha machungwa. Bibi yako wa Masieda alikuja na kitunguu saumu na makande yake, akakuta unakula ugali na chumvi, akanitazama.

"Huyu mtoto amefungwa gerezani?" akauliza.

"Anatibiwa, mama."

"Anatibiwa kwa njaa?"

Nilimjibu vibaya. Hilo nalo liandike.

Tukaenda hospitali. Damu, choo, mkojo, altrasaundi, mpaka ule mpira uliokutoa machozi. Daktari akasema hakuna kidonda, hakuna uvimbe, hakuna mdudu. Alianza kusema jambo jingine, lakini mimi nilikuwa nimeshanyanyuka. Nilikuwa nimepata nilichokuja kukichukua. Nilitoka na karatasi zile kama mtu aliyetoka mahakamani na hukumu mkononi, kwa sababu kule Getanuwas wazee wa baba yako walikuwa wameitisha kikao.

Unakijua kikao chenyewe, lakini nataka nikieleze jinsi ninavyokiona leo, si nilivyokisimulia zamani nikichekesha watu. Hospitali ikishindwa, wazee wa kwa baba yako hukaa chini na kuuliza ni nani katika ukoo ana kinyongo na nani. Kila mtu mzima anasema kilichomo kifuani. Mtu anasema ndugu yake alimdhulumu ndama, mwingine anasema hakualikwa kwenye msiba. Yakishasemwa yote, wanabariki kwa maziwa na mgonjwa anarudi nyumbani. Wewe uliwekwa kwenye kigoda katikati, na babu yako akakuwekea kiganja kichwani akakuuliza tumbo linauma upande gani. Ulimwonyesha. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Hapo ndipo niliposimama.

Kwa desturi yao, mwanamke aliyeolewa pale hatamki majina ya wakwe zake. Hulizunguka jina kwa maneno mengine, maisha yake yote. Mimi nilimtaja babu yako kwa jina lake, mbele ya wanawe, makusudi, ili wajue nimekuja kupigana. Wale wanawake waliokaa karibu na mlango wakaangalia chini. Baba yako akasema polepole, "Mama Ema, kaa." Sikukaa.

Nikasema hakuna laana. Nikasema tumbo la mtoto halijui habari za ndama wa mtu. Nikapeperusha karatasi za hospitali nikazisoma moja moja: safi, safi, safi. Baba yako mdogo Gidamis, ambaye hana adabu lakini ana akili, akaniuliza, "Sawa, shemeji. Sasa kama hakuna laana, na hakuna ugonjwa, mtoto anakonda kwa nini?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku ile. Mtu mwenye heshima angesema, "Sijui." Neno lenyewe fupi. Nimesoma vitabu vingi, na sikuweza kulitamka mbele ya watu niliokuwa nawaona wajinga. Nikakuinua kwenye kigoda, nikaushika mkono wako juu, nikasema yale maneno niliyoanza nayo barua hii. Anadeka. Apewe jembe.

Watu wakacheka. Nilishinda. Kikao kilivunjika, maziwa hayakunyunyizwa, na tukiwa njiani kurudi nilikuwa naimba.

Wewe ulitembea nyuma yangu njia nzima. Na kabla hatujafika nyumbani, watoto wa Gidamis walikuwa wameshakupatia jina. Safi. "Safi, njoo tucheze!" "Safi anakimbilia vichakani, mpisheni!" Nililisikia, nikasema ni utani wa watoto, utapita. Ulikwenda nalo shule. Lilipanda mlima kukufuata.

Nimeiwaza siku ile kwa muda mrefu, na nataka uelewe vizuri ninachojuta, usije ukadhani mama yako amezeeka akaanza kuogopa waganga. Sijahama. Laana haipo. Ndama wa mtu hawezi kumkata tumbo mtoto wa mtu mwingine, na mzee yeyote akitaka kubishana anajua duka langu lilipo. Lakini wale wazee walikosea sababu tu. Maumivu hawakuyakosea. Katika watu wote waliokaa pale, mmoja tu alikuwa hakuamini kwamba unaumwa, na ndiye aliyekuwa amesoma. Nilikuwa sahihi juu ya jambo ambalo halikukusaidia, nikakosea jambo pekee ulilolihitaji. Babu yako alikuuliza linauma upande gani. Mimi sikuwahi kukuuliza hivyo bila kuwa na dawa tayari mkononi.

Tuliporudi hospitali mara ya pili, baba yako ndiye aliyelazimisha. Daktari yule yule akatuketisha, na safari hii akamaliza sentensi yake. Alisema utumbo wako una hisia kali kuliko wa watu wengi. Kwamba kuna mawasiliano kati ya tumbo na ubongo, yanapanda na kushuka wakati wote, na kwako yanapiga kelele. Gesi kidogo ambayo mwingine haihisi, kwako inafika kama kisu. Hofu ikishuka kutoka kichwani, utumbo unabana au unaachia. Akasema maumivu hayo ni ya kweli kabisa, na kwamba zipo dawa za kupunguza, lakini tiba ambayo ingekusaidia zaidi ni ya kisaikolojia, na pale hospitalini alikuwepo mtaalamu, dada Veronika.

Nilisikia neno moja tu. Nikasema, "Unasema mwanangu ni kichaa?"

"Hapana, mama. Nimesema utumbo wake..."

"Utumbo una saikolojia? Umesoma chuo gani wewe?"

Dada Veronika alikuwa mlangoni, amekuja kututazama, mtoto mdogo tu kwa umri, na kitambulisho kinaning'inia shingoni. Aliniamkia, "Shikamoo mama." Sikuitikia. Mimi, ninayewatimua watoto dukani wakinunua bila kuamkia, sikuitikia shikamoo. Nikakuvuta mkono tukaondoka. Ninajua ulitaka kubaki, kwa sababu uligeuka nyuma. Nilikuona ukigeuka.

Tazama mchezo niliokuchezea, mwanangu. Kule Getanuwas nilisema huumwi kwa sababu vipimo havioni kitu. Hospitali waliponiambia unaumwa ingawa vipimo havioni kitu, nikasema wanakutukana. Ulibaki wapi pa kusimama? Nilikufungia milango yote miwili na funguo nikaziita akili.

Miezi iliyofuata nilidhani unakwenda mnadani na baba yako. Mlikuwa mnaondoka alfajiri na mbuzi mmoja au wawili, mnarudi jioni. Sikuona ajabu kwamba mbuzi wengine mlirudi nao. Mpaka siku ile nilipofunga duka mapema, nikafika nyumbani nikakuta baba yako amekaa kwenye kizingiti cha stoo kama askari.

"Usiingie," akaniambia.

"Stoo yangu?"

"Anafanya kazi aliyopewa na dada Veronika."

Nikachungulia juu ya bega lake. Ulikuwa umelala chali juu ya magunia matupu, mkono mmoja kifuani na mwingine tumboni, unavuta pumzi taratibu, mkono wa tumboni unapanda na kushuka. Uso wako ulikuwa umetulia. Nilikuwa sijauona uso huo tangu uende kidato cha kwanza. Nikataka kupiga kelele juu ya uongo wa mnada, na baba yako, ambaye katika ndoa yetu hajawahi kuninyamazisha, akasema, "Mama Ema, ukimharibia hili nitakwenda kukaa kwa wazee wangu." Akalisema kwa sauti ya kuomba maji.

Nilinyamaza kwa hasira. Sitajipamba. Haikuwa busara.

Kisha dada Veronika akaomba nije. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kama ninavyojiandaa kwa mkutano wa hadhara, na maswali nimeyapanga kichwani. Hakunipa nafasi ya kuuliza hata moja. Alisema tu, "Mama, leo naomba Ema asimulie, sisi tusikilize." Ukaanza kusimulia siku moja ya kawaida shuleni. Ukasema "asubuhi tumbo likiwa limejaa," nikaingilia, "kwa sababu ulikula usiku." Akanitazama akitabasamu. Ukaendelea. Nikaingilia tena. Mara ya tatu akasema, "Mama, chai yako inapoa," na mimi ambaye nimeziba midomo ya madiwani nikachukua kikombe nikanywa, kwa sababu niliona umeshaacha kusema na unatazama miguu yako.

Nilipokuwa nakunywa ndipo ulipolisema. Sidhani kama ulikuwa unaniambia mimi. Ulikuwa unamjibu yeye, alipouliza ni kitu gani kinakuja kichwani tumbo linapoanza.

"Nawaza nitamwambiaje mama," ukasema. "Nikiwaza hivyo ndiyo linazidi."

Chai ile ilikuwa na tangawizi. Mpaka leo sinywi chai ya tangawizi.

Dada Veronika hakunigeukia. Angenigeukia ningepata wa kupigana naye. Alikuuliza tu, "Na likizidi unafanyaje?" mkaendelea, kama watu wawili wanaotengeneza uzio, huku mimi nimekaa na kikombe. Nikaelewa kazi yenu ilivyo. Hakuna aliyekuambia maumivu yako ni mawazo. Mlikuwa mnayafuata hatua kwa hatua: tumbo linaanza, hofu inaingia, misuli inabana, tumbo linazidi, hofu inapanda, na mnatafuta mahali pa kuikata hiyo kamba. Pumzi ilikuwa sehemu moja. Benchi la kanisani lilikuwa sehemu nyingine: wiki hii ukae benchi la pili kutoka mlangoni, ukizoea usogee mbele. Maharage kijiko kimoja, kisha viwili. Kwenda mnadani, safari hii mnada wa kweli, bila kuchunguza kwanza vichaka vya kukimbilia. Niliona kijana wangu akifanya kazi ngumu ambayo mimi, kwa umri wangu, sijawahi kuifanya: kukaa na kitu unachokiogopa bila kukitukana wala kukikimbia.

Sasa nikiri na la pili, ambalo wewe kwa upole wako umelifanya utani. Niliposhindwa, nilihama upande bila kubadilika. Mwezi haukuisha nikawa nahubiri dukani. Mtu amekuja kununua dawa ya kuhara namweleza habari za ubongo. Nilimwambia mwenyekiti wa kijiji, mbele ya mkewe, kwamba kiungulia chake ni hofu ya uchaguzi. Na wewe kila asubuhi: "Umepumua? Umefanya zoezi? Leo ni namba ngapi, maumivu?" Ulivumilia, mpaka siku uliyoweka kijiko chini ukasema, "Mama, sasa umekuwa kipimo kingine." Baba yako alicheka mpaka akatoka nje. Nilinuna siku mbili. Ulikuwa umesema kweli: nilikuwa bado nakukagua, nimebadilisha tu fomu.

Kwa hiyo ninalotaka kukwambia si kwamba nimejua. Ni kwamba nimeona mara mbili jinsi uhakika wangu unavyokaa kifuani kwako na kukubana. Na jioni hii nimeusikia ukitoka mdomoni mwako kama wako. "Nitavumilia tu." Hilo neno nalijua lilikotoka. Kwetu sisi, mlimani na bondeni, hilo ndilo tunalowafundisha watoto wa kiume kabla hawajajifunza kufunga vifungo: usilie, usiseme, vumilia. Tunajisifia. Halafu kijana anakaa bwenini peke yake, amejikunja, hajala tangu jana kwa sababu kesho kuna mtihani, na hakuna anayejua. Wewe umeshakaa hivyo. Ulipona kiasi gani kwa kuvumilia? Ulikonda tu kimyakimya. Aliyeacha kukonda ni wewe uliyesema.

Tumbo lako halijaisha kuuma, tusidanganyane. Litauma huko. Chuo ni kigeni, vyoo ni vya foleni, chakula ni maharage kila siku, na utakuwa na wasiwasi wa mitihani kama kila mtu. Dada Veronika alishakwambia kwamba kurudi kwa maumivu si kushindwa. Lakini alikwambia pia usiyaache mazoezi, na utafute mtu wa kuendelea naye. Nakuona umeweka kwenye begi dawa kutoka kabatini kwangu. Sijakukataza. Ila nimeona pia ile bahasha aliyokupa, barua yake ya kwenda zahanati ya chuo, umeiacha juu ya rafu. Nimeirudisha ndani ya begi. Ukitaka kuitoa, itoe mwenyewe, lakini isiwe kwa kusahau.

Kuna jambo nililotaka kulifanya na sitalifanya. Nilitaka Jumapili niende Getanuwas, nisimame pale pale, nimwite babu yako kwa namna anayostahili kuitwa, na niwasomee wote barua hii. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno. Kisha nikaona mkono wako juu tena. Ningekuwa nimekuinua kwenye kigoda mara ya pili, safari hii kwa ajili ya kuonyesha jinsi ninavyojua kutubu. Basi, sitasoma. Nitakwenda kumwomba babu yako radhi kwa kosa langu kwake, na habari za tumbo lako sitazigusa. Hizo ni zako. Umwambie unayetaka, usimwambie usiyetaka. Ila mmoja wa kumwambia umtafute.

Najua baba yako anakusindikiza mpaka chuoni, na najua hamfichani kitu ninyi wawili, kwa hiyo ataisoma hii kabla hamjafika Singida. Vizuri. Ya mwisho nawaambia wote wawili.

Baba Ema: mkishafika, usikimbilie basi la kurudi. Ng'ombe watakungoja. Mpeleke mpaka mlango wa zahanati ya chuo, ukae nje kwenye benchi. Usiingie naye. Usimweleze daktari chochote. Ukiulizwa mtoto ana nini, sema, "Muulizeni yeye."

Na wewe, Emanueli: gonga, uingie, ukae, umtazame mtu huyo usoni. Usitoe karatasi kwanza. Mwambie, "Tumbo linaniuma."

Mama yako